Hasheem Thabeet Tumsome Upya, Kuanzia Miguuni

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, majina ya vijana wanaoingia NBA yalipoanza kuitwa, la kwanza lilikuwa Blake Griffin. La pili likawa Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies. La tatu James Harden. La saba Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kufika ligi ile alitangulizwa mbele ya watu wawili ambao baadaye kila mmoja alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA.

Orodha hiyo ndiyo iliyomponza. Tangu wakati ule, kila anayemtaja huanza kuhesabu waliochaguliwa nyuma yake, na akishawataja Harden na Curry anaona kesi imekwisha. Hapa Shinyanga, na ukipita Kahama mpaka Geita, hukumu ninayoisikia ni ileile ya vijiwe vya Dar: yule alikuwa na urefu tu, mpira hakuwa nao. Nimeisikia kwa makocha, nimeisikia kwa walimu wa michezo, na cha kusikitisha nimeisikia kwa vijana wenyewe, wengine hata hawakuwa wameanza shule alipokuwa akicheza Memphis.

Hukumu hiyo ina madhara kwetu zaidi ya kumvunjia heshima mtu mmoja. Tukiamini kwamba kilichompeleka Thabeet Marekani ni urefu peke yake, tutaendelea kufanya tunachofanya sasa: kupita mashuleni tukiuliza nani mrefu, kumvuta kidato cha tatu kijana aliyezidi mita 1.90, kumpa mpira na kumwambia asimame chini ya goli. Na tukiamini kwamba alikwama kwa sababu hakuwa na kipaji, hatutajifunza chochote kutokana na safari ndefu kuliko zote ambazo Mtanzania amewahi kusafiri katika mchezo huu. Kwa hiyo nataka tuirudie safari yenyewe, hatua kwa hatua, kama kocha anavyorudia mkanda wa mechi.

Tuanze na chuo kikuu, maana ndiko watu wengi hawakumwona. Thabeet alizaliwa Februari 1987 na aligusa mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 2006 alikuwa tayari amevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, mtu aliyekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili. Miaka minne tangu kuanza kujifunza! Katika misimu mitatu pale alizuia mitupo 417. Katika historia ya chuo kile ni Emeka Okafor peke yake aliyekuwa mbele yake, na Okafor naye alichaguliwa wa pili NBA mwaka 2004. Thabeet alitajwa mlinzi bora wa kanda ya Big East mwaka 2008, akatajwa tena mwaka 2009, na mwaka huo wa pili aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa kanda nzima. Big East ya siku zile ilikuwa ngumu kuliko ligi nyingi za kulipwa duniani.

Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa mechi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa. Tarakimu mbili katika vipengele vitatu huwa zinapatikana kwa pointi, ribaundi na pasi. Kuzipata kwa kuzuia kunataka mtu awe ameutawala upande wake wote wa uwanja kwa dakika karibu 40. Na kuna kazi isiyoandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi wa meza: gadi anayeingia kwa kasi, akimwona Thabeet, anaurudisha mpira nje. Mtupo usiotupwa hauhesabiwi. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa msimu ule, ikatolewa na Michigan State, na ulinzi wake wote ulijengwa juu ya uhakika kwamba aliyepitwa mbele ana Mtanzania nyuma yake.

Huyo ndiye mnayesema hakuwa na mpira.

Lakini katika msimu huohuo kuna usiku mmoja ambao ningependa kila kocha wa Kanda ya Ziwa auangalie kuliko usiku wa Providence. Ilikuwa 16 Februari 2009, Thabeet akitimiza miaka 22. Connecticut ilikuwa namba moja nchini, na Pittsburgh walikuja na huyo DeJuan Blair, senta wa mita 2.01, mfupi kuliko Thabeet kwa sentimita 20. Blair alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Kuna tukio ambalo wawili hao walinasana mikono wakigombea mpira, Blair akamnyanyua na kumpindua juu ya bega mpaka chini.

Jinsi alivyofanya haina siri. Blair alishusha makalio, akapanua miguu, akaweka mgongo kwenye mapaja ya Thabeet kabla mpira haujafika kwenye goli, akamsukuma hatua moja moja kutoka eneo lake. Mtu wa mita 2.21 akishasukumwa mita moja na nusu nje ya goli, urefu wake umebaki kwenye kitambulisho. Kudaka ribaundi ni kazi ya mikono mwishoni kabisa. Mwanzo wake ni kazi ya miguu na kiuno. Blair aliijua kazi hiyo tangu utotoni katika viwanja vya Pittsburgh. Thabeet alikuwa na miaka saba tu katika mchezo wote. Kila kitu kilichomsumbua baadaye NBA kilionekana usiku ule, miezi minne kabla ya kuchaguliwa.

Memphis walikuwa na nini? Walikuwa na Marc Gasol, senta kijana mwenye akili ya mpira isiyo ya kawaida, na walikuwa wamemleta Zach Randolph. Sehemu ambayo Thabeet alipaswa kujifunzia, yaani dakika za mechi, ilikuwa na wenyewe. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68 kwa dakika kama 13, akatoka na wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia 1.3. Kuzuia mtupo mmoja na zaidi ndani ya dakika 13 ni kazi nzuri kwa mlinzi yeyote. Lakini mtu wa chaguo la pili hapimwi hivyo. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, na hakuna aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Magazeti yakaandika neno moja, kwamba ameshindwa, na neno hilo halikumtoka tena.

Mwaka mmoja baadaye aliuzwa Houston Rockets katika biashara iliyomleta Shane Battier Memphis. Miezi miwili haikupita, Battier akafunga mtupo wa pointi tatu ulioipa Memphis ushindi wa mechi ya kwanza dhidi ya San Antonio, na timu iliyoingia mtoano ikiwa ya nane ikaitoa ya kwanza. Kwa watu wa Memphis, hesabu ikaonekana imefungwa. Thabeet akapita Portland, kisha mwaka 2012 akatua Oklahoma City Thunder, timu iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya NBA, akakaa misimu miwili akiwa senta wa akiba nyuma ya Kendrick Perkins na pembeni ya Serge Ibaka wa Brazzaville. Msimu wa kwanza pale alicheza mechi 66. Timu inayotafuta ubingwa haimpi mechi 66 mtu wa kupamba benchi.

Jumla yake NBA ni mechi 224.

Sasa nije kwenye sababu, maana hapa ndipo wengi wanaruka. Wakati Thabeet anaingia ligi, timu ilikuwa ikitupa mitupo ya pointi tatu kama 18 kwa mechi. Miaka tisa baadaye ilikuwa 32. Maana yake uwanjani ni kwamba senta aliyezoea kusimama chini ya goli akiwasubiri watu alianza kuvutwa nje. Mwenye mpira anakingwa na mwenzake kwenye mstari wa pointi tatu, beki wake anakwama, na senta anapaswa kutoka, kuteleza kwa upande hatua mbili tatu, kumzuia mtu wa mita 1.88 asipite wala asitupe, kisha kurudi mbio kwa mtu wake. Sheria nayo inamkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo la rangi bila kumkaba mtu. Akichelewa nusu hatua, anagusa mkono, mwamuzi anapuliza, faulo mbili za haraka, anarudi benchi.  Mikono yake haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa hatua ya upande.

Mtu atasema: basi alichelewa kuanza, miaka 15 ni mikubwa mno. Jibu hilo ni jepesi na linakataliwa na mifano miwili mikubwa. Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alianza kikapu akiwa na miaka 15. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 1984, akatwaa ubingwa mara mbili na Houston, na mitupo yake 3,830 iliyozuiwa haijafikiwa na mtu yeyote NBA. Joel Embiid wa Yaoundé alianza katika umri wa namna hiyohiyo, akachaguliwa wa tatu mwaka 2014, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi.

Kilichowatangulia hao ni nini? Olajuwon alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Embiid alicheza soka na voliboli. Golikipa hufundishwa jambo moja kabla ya kudaka: kusogea upande bila kupishanisha miguu. Mpira wa mikono hufundisha kusimama ghafla, kugeuka kwa kisigino na kuruka kwa mguu mmoja huku mwili umebanwa na mtu. Olajuwon alipofika Houston hakuanza kujifunza miguu. Aliileta kutoka Lagos, kisha akaenda kusuguana kila kiangazi na Moses Malone, mtu mzito aliyekwisha kuwa bora wa ligi, mpaka kiuno chake kikakomaa. Zile chenga zake za mgongo kwa goli ambazo dunia ilizistaajabia ni miguu ya mpira wa mikono iliyovalishwa kikapu.

Kwa hiyo mimi sisemi Thabeet alianza kuchelewa. Nasema mita 2.21 zinataka miguu iliyofundishwa mapema kuliko mita 2.13 za Olajuwon, kwa sababu mwili unavyorefuka ndivyo kitovu cha uzito kinavyopanda na kila kosa la mguu linavyokuwa ghali. Na akishafika juu anahitaji dakika za kukosea. Thabeet alipewa safari ya kasi ya ajabu mpaka mlangoni, na alipoingia ndani hakukuwa na mtu aliyekuwa tayari kusubiri. Hapo lawama ya uvivu au kukosa kipaji haina pa kukaa.

Na tuyaangalie aliyoyafanya baada ya NBA, kwa maana hayo nayo ni mafanikio, pengine kwangu mimi ndiyo makubwa zaidi. Alirudi ligi ya maendeleo akiwa na Grand Rapids. Alikwenda Japani kuichezea Yokohama. Akiwa na zaidi ya miaka 30 alirejea tena Marekani na timu ya Fort Wayne, akijaribu mlango uleule. Akaenda Taiwan, ambako aliichezea Hsinchu Lioneers katika msimu wa kwanza kabisa wa ligi mpya ya P. League+. Mwaka 2025, akiwa na miaka 38, alivaa jezi ya Dar City katika michuano ya kufuzu Ligi ya Kikapu Afrika, BAL. Mtu aliyeitwa jina baya na magazeti ya nchi nzima akiwa na miaka 23, na bado miaka 15 baadaye anaamka asubuhi kwenda mazoezini, huyo anaupenda mchezo kwa kiwango ambacho wengi wetu tunaousimamia hatujakifikia.

Turudi nyumbani. Mkoa wa Shinyanga una tatizo ambalo Dar hawalijui: ardhi. Sehemu kubwa ya Kishapu na viunga vya Shinyanga mjini ni udongo mweusi wa mbuga. Masika ni tope linalong'oa viatu. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unazama. Mpira wa kikapu ukidundwa juu yake haurudi. Ukihamia kwenye kichanga, unarudi magotini. Nguzo tunazo, ringi fundi wa kuchomelea anakukunjia kwa nondo siku hiyohiyo, ubao unapatikana. Sakafu ndiyo hatuna. Mtoto akikosa sakafu hadundi, na asiyedunda hajifunzi kusimama ghafla wala kugeuka, kwa hiyo tunamfundisha kitu pekee kinachowezekana hapo: kusimama chini ya goli na kunyoosha mikono. Hivyo tunamtengeneza Thabeet wa usiku wa Pittsburgh, bila Thabeet wa Providence.

Watu wa huku wana msemo wao kwamba vipaji ni dhahabu iliyolala ardhini. Siuafiki. Dhahabu ya Bulyanhulu ilisubiri chini ya Kakola mamilioni ya miaka na haikuharibika. Mtoto wa miaka tisa hasubiri. Miaka ile ambayo miguu inajifunza kwa urahisi, tuseme kuanzia tisa hadi kumi na tatu, ikishapita hairudi, hata mgodi mzima ukija kumdhamini akiwa na miaka kumi na minane.

Na fedha za migodi zipo. Tumeona zikifanya kazi kwenye soka. Mwadui FC ilitoka katika kijiji cha mgodi wa almasi na kucheza Ligi Kuu kwa miaka kadhaa. Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu na wakati fulani ikadhaminiwa na kampuni ya migodi ya Acacia. Geita Gold ilipanda mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza tu ikamtoa mfungaji bora wa ligi, George Mpole, kwa mabao 17, ikapata na nafasi ya kuiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba ukanda huu hauwezi kujenga wanamichezo. Zote tatu zimeshuka daraja tangu hapo, na funzo ninalolipata ni kwamba fedha ziliwekwa kwenye kikosi cha wakubwa, zikaondoka na kikosi hicho. Sheria ya madini inazitaka kampuni ziandae mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka pamoja na halmashauri. Madarasa, zahanati na visima hujaa kwenye mipango hiyo, na ni haki. Lakini nusu uwanja wa zege katika shule ya msingi ni mita 14 kwa 15, kazi ndogo kuliko darasa moja, na zege halishuki daraja.

Juu ya zege hilo nisingeanza na kikapu. Ningeanza na mpira wa mikono, ambao watoto wa shule za msingi tayari wanaujua kupitia UMITASHUMTA, na ningewaweka wote, warefu kwa wafupi, wasichana kwa wavulana. Wasukuma hatuna uhaba wa miguu. Atazamaye makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu yakishindana, au vijana wa bugobogobo wakirusha jembe hewani huku miguu haikosi mdundo, ameona tayari uratibu ambao makocha wa Ulaya wanaununua kwa fedha nyingi. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuuhamishia uwanjani ukiwa bado uko kwa mtoto.

Ushahidi wa karibu upo. Atiki Ally Atiki, mzaliwa wa Mwanza mwenye mita 2.08, alipita katika akademi ya London, jimbo la Ontario nchini Kanada, akacheza chuo kikuu cha BYU na baadaye New Mexico. Jirani yetu, ambaye kwa watu wa Geita ni wa ng'ambo ya maji, amefika vyuo vikubwa vya Marekani. Na maji yenyewe yamepungua ukali: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, timu ya watoto wa Geita inaweza kwenda Mwanza asubuhi, ikacheza, ikalala nyumbani bila kuomba kivuko. Upande wa pili, barabara ya Kahama kwenda Rusumo inakufikisha Kigali kwa mwendo mfupi kuliko wa Dar es Salaam, na Kigali ndiko BAL ilikoanzia mwaka 2021, katika ukumbi wa kisasa ambao sisi nchini hatuna mfano wake. Mtoto wa Kahama yuko karibu zaidi na kikapu bora cha Afrika Mashariki kuliko mtoto wa Upanga, Dar es Salaam. Chama cha mkoa kingeandika barua moja kwa wenzao wa Rwanda, mashindano ya watoto ya mpakani yangeanza likizo ya Juni.

Thabeet mwenyewe ningemwomba wiki moja ya kiangazi, Kahama au Geita mjini. Nisingemtaka jukwaani kusimulia New York. Ningempa watoto arobaini wa miaka kumi na kumwomba awafundishe vitu viwili: namna ya kuzuia mtupo kwa ncha za vidole ili mpira ubaki ndani ya uwanja na mwenzako auokote, jambo alilolifanya vizuri kuliko Mtanzania yeyote, na ile hatua ya upande ambayo Memphis hawakumpa muda wa kuijifunza. Walimu wa michezo wa wilaya zote wakae pembeni na madaftari.